SAA 96 ZA LAPTOPU: Nani hulipa gharama ya ukaguzi uwanjani?

MFANYABIASHARA anayekwenda Dubai, Guangzhou au Istanbul kuchukua mzigo huweka katika hesabu zake nauli, hoteli, chakula, ushuru na malipo ya wakala. Ni mara chache huweka gharama ya meza ya ukaguzi uwanja wa ndege, pale anapoambiwa atoe kompyuta kwenye begi, awashe simu, au aache betri aliyoinunua jana yake. Gharama hiyo ipo, na kama ilivyo kwa ushuru, kuna mtu anayeilipa. Tofauti ni kwamba ushuru hutangazwa katika bajeti mwezi Juni na watu wakajiandaa. Masharti ya ukaguzi yanaweza kutangazwa leo na kuanza kutumika wiki hiyo hiyo.

Mfano mkubwa wa jambo hilo ulitokea tarehe 21 Machi, 2017. Siku hiyo serikali ya Marekani ilitangaza kwamba abiria wanaoruka moja kwa moja kwenda nchini humo kutoka viwanja 10 vya Mashariki ya Kati, Uturuki na Afrika Kaskazini hawataruhusiwa kuingia ndani ya ndege na kifaa chochote cha elektroniki kinachozidi ukubwa wa simu ya mkononi. Laptopu, tableti, kamera na michezo ya elektroniki vilitakiwa viende chini, kwenye sehemu ya mizigo. Mashirika ya ndege yalipewa saa 96 kutekeleza.

Amri hiyo ilidumu kwa takriban miezi minne tu. Hata hivyo, katika muda huo ilipunguza safari za ndege, ilibadilisha njia za abiria, na ilizua mabishano ambayo yanamgusa mfanyabiashara hadi leo: kifaa chenye betri ni salama zaidi kikiwa wapi, juu pamoja na abiria au chini pamoja na mizigo?

VIWANJA 10, MASHIRIKA TISA

Viwanja vilivyotajwa vilikuwa Dubai, Abu Dhabi, Doha, Kuwait, Riyadh, Jeddah, Amman, Cairo, Istanbul na Casablanca. Mashirika yaliyoguswa yalikuwa tisa: Emirates, Etihad, Qatar Airways, Kuwait Airways, Saudia, Royal Jordanian, EgyptAir, Turkish Airlines na Royal Air Maroc. Kwa jumla zilikuwa kama safari 50 kwa siku.

Siku hiyo hiyo Uingereza nayo ilitoa amri yake, lakini orodha yake haikufanana na ya Marekani. Ilizitaja nchi sita: Uturuki, Misri, Lebanon, Jordan, Tunisia na Saudi Arabia. Dubai, Abu Dhabi na Doha hazikuwamo. Kipimo cha Uingereza kilikuwa cha rula hasa: kifaa kinachozidi urefu wa sentimita 16, upana wa sentimita 9.3 au unene wa sentimita 1.5 hakiingii ndani. Kati ya mashirika 14 yaliyoguswa na amri hiyo, sita yalikuwa ya Uingereza yenyewe.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, safari ya Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe kwenda Dubai haikuguswa. Aliyekwenda Deira kununua simu aliondoka na kurudi na kompyuta yake mkononi kama kawaida. Aliyeguswa ni yule aliyepitia Dubai, Doha au Istanbul akiendelea kwenda New York, Washington au Houston. Huyo alilazimika kuisalimisha kompyuta yake kabla ya kupanda ndege ya pili. Mwenzake aliyepitia Addis Ababa kwa ndege ya Ethiopian Airlines alifika Washington akiwa na laptopu mapajani, kwa kuwa Addis Ababa haikuwa katika orodha.

HOFU ILIYOANZA NA REDIO

Hofu ya vifaa vya elektroniki ndani ya ndege ni ya muda mrefu. Tarehe 21 Desemba, 1988 ndege ya Pan Am, safari namba 103, ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, na kuua watu 270, wakiwamo 11 waliokuwa chini ardhini. Bomu lilikuwa limefichwa ndani ya redio kaseti, na redio hiyo ilikuwa ndani ya sanduku lililowekwa sehemu ya mizigo.

Agosti 2006, baada ya polisi wa Uingereza kugundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, abiria waliotoka nchini humo walizuiwa kwa siku kadhaa kuingia ndani na karibu kila kitu, kompyuta na simu zikiwamo. Oktoba 2010 mabomu mawili yaliyotoka Yemen yakielekea Chicago yaligunduliwa Dubai na katika uwanja wa East Midlands, Uingereza. Yalikuwa yamefichwa ndani ya mashine za kuchapisha, mahali pa wino. Julai 2014 idara ya usalama wa usafiri ya Marekani, TSA, ilianza kuwataka abiria wa baadhi ya viwanja vya nje wawashe vifaa vyao mbele ya mkaguzi. Simu au kompyuta iliyoishiwa chaji haikupanda ndege.

Tukio lililo karibu zaidi na ukanda huu ni la tarehe 2 Februari, 2016. Ndege ya shirika la Daallo iliyotoka Mogadishu kwenda Djibouti ilitobolewa na bomu muda mfupi baada ya kuruka. Uchunguzi ulieleza kuwa bomu hilo lilikuwa ndani ya laptopu. Mtu aliyekuwa nalo alitupwa nje kupitia tundu hilo na kufa, lakini rubani aliweza kuirudisha ndege Mogadishu. Ndege ilikuwa bado haijafika kimo chake cha kusafiri, na inaaminika hilo ndilo lililowaokoa wengine. Kundi la Al-Shabaab lilidai kuhusika.

Picha za kamera za uwanja zilionyesha watu waliovaa kama wafanyakazi wa uwanja wakimkabidhi abiria kompyuta hiyo. Kwa maneno mengine, mashine ya ukaguzi inaweza kuwa nzuri, lakini binadamu akiizunguka, kipimo cha sentimita hakisaidii.

HESABU YA HASARA

Mashirika ya ndege ndiyo yaliyotangulia kulipa. Emirates ilianzisha huduma ya kupokea kompyuta za abiria mlangoni mwa ndege, kuzifunga kwenye maboksi na kuzipeleka chini, bila malipo. Qatar Airways iliwaazima laptopu abiria wa daraja la biashara, na Etihad ikawapa tableti abiria wake wa madaraja ya juu. Abiria wa viti vya nyuma, ambaye mara nyingi ndiye mfanyabiashara mdogo, alipewa filamu za kutazama.

Nafuu hizo hazikutosha. Tarehe 19 Aprili, 2017, mwezi mmoja tu baada ya amri, Emirates ilitangaza kupunguza safari zake za Marekani kutoka 126 hadi 101 kwa wiki. Boston, Los Angeles na Seattle zilishuka kutoka safari mbili kwa siku hadi moja, na Fort Lauderdale na Orlando kutoka kila siku hadi safari tano kwa wiki. Shirika hilo lilisema wateja wamepungua kutokana na masharti mapya ya viza, ukaguzi mkali zaidi na katazo la vifaa vya elektroniki.

Mwezi Mei 2017 kukawa na fununu kwamba Marekani inataka kulipeleka katazo hilo hadi Ulaya, ambako idadi ya safari ni kubwa mno. Hapo chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kiliingia na kalamu. Makisio yake yalikuwa kwamba hatua hiyo ingewagharimu abiria dola bilioni 1.1 kwa mwaka. Katika fedha hizo, dola milioni 655 zilikuwa thamani ya kazi ambayo isingefanyika angani, dola milioni 216 zilikuwa gharama ya safari kuwa ndefu zaidi, na dola milioni 195 zilikuwa za kukodi vifaa mbadala.

Hesabu hiyo inaonyesha kuwa sehemu kubwa ya gharama haikuwa ya mashine wala ya askari. Ilikuwa ya muda wa watu. Kwa mfanyabiashara, saa 13 angani bila kompyuta ni saa 13 bila kupitia ankara, bila kupanga oda na bila kukokotoa bei. Akifika, kazi inamsubiri na usingizi nao unamsubiri.

USALAMA AU USHINDANI?

Katika masoko kulikuwa na minong'ono mingine. Tangu mwaka 2015 mashirika makubwa matatu ya Marekani, yaani Delta, American na United, yalikuwa yakilalamika kwamba Emirates, Etihad na Qatar Airways yamepewa ruzuku ya zaidi ya dola bilioni 40 na serikali zao. Mashirika hayo ya Ghuba yalikanusha. Amri ya Machi 2017 ilipotoka, baadhi ya wachambuzi waliona mara moja kwamba hakuna shirika hata moja la Marekani lililokuwa likiruka moja kwa moja kutoka katika viwanja vile 10. Hivyo hasara yote iliangukia upande mmoja.

Jambo jingine lililozua maswali ni Abu Dhabi. Uwanja huo tangu mwaka 2014 una maofisa wa Marekani wanaowakagua abiria hapo hapo kabla ya kupanda ndege, lakini nao uliingizwa katika orodha. Uingereza, ambayo inashirikiana kwa karibu na Marekani katika habari za upelelezi, haikuutaja.

Serikali ya Marekani ilishikilia kwamba ilikuwa na taarifa za upelelezi kuhusu makundi yanayotafuta njia ya kuficha vilipuzi ndani ya vifaa vya kawaida, na kwamba suala la ushindani halikuwamo. Kwa mfanyabiashara, jibu la mabishano hayo halibadilishi kitu katika daftari lake. Iwe sababu ni bomu au ni soko, sheria ya ukaguzi inaweza kuhamisha wateja kutoka shirika moja kwenda jingine kwa haraka kuliko punguzo lolote la nauli.

KATAZO LAONDOKA, MASHARTI YABAKI

Tarehe 28 Juni, 2017 Waziri wa Usalama wa Ndani wa Marekani, John Kelly, alitangaza utaratibu mpya. Badala ya kuvifungia viwanja 10, viwanja vyote vyenye safari za moja kwa moja kwenda Marekani vingetakiwa kuongeza ukaguzi. Vilikuwa viwanja karibu 280 katika nchi 105, vikihusisha mashirika 180, safari kama 2,100 na abiria 325,000 kwa siku. Mashirika yalipewa siku 21 kuongeza upimaji wa chembechembe za vilipuzi, ule wa kupangusa kifaa kwa kitambaa maalumu na kukiingiza kwenye mashine, na siku 120 kwa hatua nyingine.

Waliotimiza masharti waliondolewa katazo. Abu Dhabi ilitangulia tarehe 2 Julai, Dubai na Istanbul zikafuata tarehe 5 Julai, Doha tarehe 6 Julai. Hadi kufikia tarehe 20 Julai viwanja vyote 10 vilikuwa huru. Uingereza iliyaondoa masharti yake hatua kwa hatua.

Ni wazi basi kwamba gharama haikufutwa bali iligawanywa. Mwanzoni ilibebwa na mashirika tisa na abiria wao; baadaye ikatandazwa kwa mashirika 180. Mwezi huo huo wa Julai, TSA ilitangaza kuwa hata ndani ya Marekani abiria watatakiwa kutoa kila kifaa kinachozidi simu na kukiweka peke yake kwenye trei. Sababu ni ya kiufundi: betri na vyuma vya ndani ya laptopu huzuia macho ya mashine ya kawaida ya eksirei yasione kilicho chini yake.

HOFU YA PILI: MOTO

Wakati amri ya mwaka 2017 ikiwataka abiria wapeleke laptopu chini, wataalamu wa moto walikuwa wakiomba kinyume chake. Betri za lithiamu zikiharibika au zikipata joto kali huweza kuwaka zenyewe na moto huo kuhama kutoka betri moja hadi nyingine. Ikitokea ndani ya ndege karibu na abiria, mhudumu anaona moshi na kumwaga maji. Ikitokea chini kwenye mizigo, hakuna wa kuona.

Mwaka 2017 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ilifanya majaribio kwa kuipasha joto betri ya laptopu iliyojaa chaji ndani ya sanduku. Katika jaribio moja, kopo la dawa ya nywele ya kupuliza lilifungwa kando ya kompyuta hiyo. Moto uliwaka mara moja na kopo likalipuka katika muda wa sekunde 40. Gesi ya kuzimia moto iliyoko sehemu ya mizigo isingewahi.

Dubai yenyewe ina kumbukumbu chungu ya jambo hilo. Tarehe 3 Septemba, 2010 ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, aina ya Boeing 747, iliyokuwa ikielekea Cologne, Ujerumani, ilishika moto ikiwa imebeba shehena kubwa ya betri za lithiamu. Ilijaribu kurudi Dubai ikaanguka, na marubani wote wawili walikufa.

Hapo ndipo msafiri anapokutana na sheria mbili zinazovutana. Anayeogopa bomu anasema kifaa kiende chini. Anayeogopa moto anasema kibaki juu. Kwa sasa aliyeshinda ni anayeogopa moto. Kanuni za kimataifa zinataka betri za akiba na pawabenki zisiwekwe kabisa kwenye begi linalokabidhiwa kaunta. Ni za mkononi tu.

SOMA LEBO KABLA YA KULIPA

Kipimo kinachotumika ni wati-saa, kinachoandikwa Wh. Betri isiyozidi Wh 100 inaruhusiwa bila kuomba ruhusa. Inayozidi 100 hadi 160 inahitaji kibali cha shirika la ndege, na za akiba zisizidi mbili. Inayozidi 160 haipandi na abiria.

Tatizo ni kwamba pawabenki nyingi madukani huuzwa kwa kipimo kingine, mAh. Hesabu ya kugeuza ni rahisi: zidisha mAh kwa volti, kisha gawanya kwa 1,000. Volti za betri nyingi za aina hii ni 3.7. Matokeo yake ni haya:

mAh 10,000 ni Wh 37: inaruhusiwa.
mAh 20,000 ni Wh 74: inaruhusiwa.
mAh 26,800 ni Wh 99: inaruhusiwa, lakini imefika mpakani.
mAh 30,000 ni Wh 111: omba kibali kwanza.
mAh 50,000 ni Wh 185: hairuhusiwi.

Aidha, masharti yamekuwa yakikazwa. Tarehe 28 Januari, 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa uwanjani Busan, Korea Kusini. Watu wote 176 waliokuwamo walitolewa salama, na wachunguzi walisema pawabenki huenda ndiyo chanzo. Kuanzia Machi 1 mwaka huo Korea Kusini ilipiga marufuku kuziweka pawabenki kwenye makabati ya juu ya viti. Tarehe 28 Juni, 2025 China ilizuia katika safari zake za ndani pawabenki zisizo na alama ya ubora ya nchi hiyo iitwayo 3C, au zenye alama isiyosomeka. Emirates nayo, kuanzia Oktoba 1, 2025, iliruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, isiyozidi Wh 100, yenye maandishi ya ukubwa wake, na isitumike wala kuchajiwa ndani ya ndege.

Chukulia mfanyabiashara wa Kariakoo au Luthuli aliyenunua Dubai pawabenki 30 za mAh 20,000 kwa dola 8 kila moja, akazitia kwenye begi la mkononi. Amesikia kwamba chini ya Wh 100 ni ruhusa, na kila moja yake ni Wh 74. Kwa sharti la pawabenki moja kwa abiria, 29 zinabaki uwanjani. Ni dola 232 zimekwenda, kabla hajahesabu faida aliyoitegemea. Akizihamishia kwenye begi la chini amevunja kanuni nyingine, na begi zima linaweza kushushwa na kufunguliwa.

MZIGO WA ABIRIA SI KAGO

Wengi hukosea hapo. Ruhusa anayopewa abiria ni ya vifaa vyake vya matumizi. Mwongozo wa IATA unaweka ukomo wa vifaa 15 vyenye betri na betri za akiba 20 kwa mtu mmoja, isipokuwa shirika limeruhusu zaidi, na shirika linaweza kuweka ukomo ulio chini ya huo. Anayebeba simu 40 za kuuza si abiria mwenye simu nyingi. Kwa macho ya kanuni hizo ana shehena.

Shehena nayo ina sheria zake. Tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu za kuchaji zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama kago katika ndege za abiria. Zinakwenda kwa ndege za mizigo tu, zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, au kwa meli. Pawabenki inahesabiwa kuwa ni betri, si kifaa. Simu na laptopu ambazo betri zake zimo ndani zinahesabiwa tofauti na zinaweza kusafirishwa kwa ndege ya abiria zikifungwa na kutangazwa inavyotakiwa.

Kwa hiyo wakala anayeahidi kuleta katoni za pawabenki kwa bei ya chini kupitia ndege ya abiria ana mambo mawili: ama hajui kanuni, ama ataandika katoni hizo kwa jina jingine. La pili likigundulika, mzigo hukamatwa, na mwenye mali ndiye anayepoteza. Bei ya meli ni ya polepole, lakini mzigo unafika.

FIDIA ILIPO NA ISIPO

Mwaka 2017 waliolazimika kukabidhi kompyuta zao walijiuliza: ikipotea, nani alipe? Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unaweka ukomo wa fidia ya mzigo wa abiria. Tangu Desemba 28, 2024 ukomo huo ni SDR 1,519 kwa abiria, kutoka 1,288 za awali. SDR ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na kiasi hicho kinazidi kidogo dola 2,000. Hiyo ni kwa mzigo wote, masanduku yakiwa mawili au matatu.

Upo mlango ambao wengi hawaujui. Abiria anaweza kutangaza kaunta thamani halisi ya mzigo wake kabla ya kuukabidhi na kulipa nyongeza, na ukomo ukapanda. Malalamiko ya mzigo ulioharibika yanatakiwa yaandikwe ndani ya siku saba tangu kuupokea, na ya uliochelewa ndani ya siku 21. Risiti za manunuzi ziwe mkononi, zisiwe ndani ya sanduku lile lile lililopotea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hata hivyo, kifaa alichokiacha abiria kwenye meza ya ukaguzi kwa kukiuka masharti si mzigo uliopotea. Hicho hakina fidia.

MASHINE MPYA NA MWEKEZAJI MDOGO

Viwanja vikubwa sasa vinanunua mashine zinazozungusha picha ya begi pande zote, kwa utaratibu unaofanana na ule wa hospitali wa kupiga picha za ndani ya mwili. Zinapotumika, laptopu hubaki ndani ya begi. Uwanja wa London City ulianza kuzitumia mwaka 2023, na Machi mwaka huo TSA ilitangaza maagizo ya mashine hizo yenye thamani ya hadi dola bilioni 1.3. Fedha za ukaguzi hatimaye hutoka kwenye tiketi. Marekani, kwa mfano, iliweka ada ya usalama ya dola 5.60 kwa kila safari ya upande mmoja kuanzia Julai 2014.

Habari za namna hii huwavutia wenye akiba ndogo kutafuta hisa za watengenezaji. Biashara hiyo ina mteja mmoja mkubwa, yaani serikali, na tarehe za serikali huteleza. Uingereza ilivipa viwanja vyake vikuu hadi Juni 2024 kumaliza kazi hiyo, kisha ikalazimika kuviongezea muda baadhi yake. Katika Umoja wa Ulaya, viwanja vilivyokwisha kununua aina fulani ya mashine hizo vilirudishwa kwenye sharti la mililita 100 za vimiminika Septemba 1, 2024, na faida waliyoitangaza kwa abiria ikapungua. Anayenunua hisa kwa habari ya oda bila kuuliza mashine zitafungwa lini na zitalipwa lini, ananunua tangazo.

Mwenye duka la simu ana hesabu iliyo karibu zaidi. Kabla ya kulipia mzigo wowote wenye betri, aulize mambo matatu: Wh ngapi, lebo inasomeka, na unasafiri kwa njia gani. Shirika atakaloruka nalo aliulize masharti yake wiki ya safari, si mwezi uliopita, maana kilichoruhusiwa wakati wa kwenda kinaweza kukataliwa wakati wa kurudi. Mwaka 2017 Emirates, pamoja na ukubwa wake wote, ilipewa saa 96. Mwenye begi moja hupewa dakika chache tu, na nyuma yake foleni inasubiri.